Fungate Bila Kiyoyozi

Jumatano, 9 Aprili 2025

Nimeolewa. Naandika tena kwa sababu napenda kuliona neno hilo: nimeolewa. Mume wangu Twaha ni dereva hapa Doha, na mimi niko Doha, na nje ni majira ya machipuo. Kwetu Tanga hatuna majira hayo. Kwetu kuna masika, na masika ni matope.

Harusi ilikuwa mwezi wa Shaabani. Fungate tukaianza vizuri, mlango umefungwa, chakula kinaletwa, somo yangu Bi Zainabu anapitapita nje akikohoa kutukumbusha kwamba yupo. Kisha kazini kwa Twaha wakamwita arudi kabla hina yangu haijakolea. Fungate ikakatwa kama uzi. Mimi nimemfuata baada ya Idi kwa viza ya kutembelea. Viza ikiisha, narudi. Kwa hiyo kazi yangu hapa ni moja: kumalizia fungate yetu, na machipuo yawe shahidi.

Chumba chetu kiko Al Mansoura, ghorofa ya tatu. Zamani kilikuwa nusu ya sebule ya watu. Nusu nyingine, nyuma ya ukuta wa jipsamu, wanakaa Loice na mumewe Job, Wakenya. Loice anafua mashuka ya hoteli. Job ni mlinzi, na akilala hukoroma mpaka vikombe vyetu vinagongana kwenye rafu.

Leo Twaha alipoondoka nilifungua pazia. Nusu ya dirisha ni kioo. Nusu nyingine imezibwa na kiyoyozi, sanduku kuukuu lililotokeza nje. Na juu ya sanduku, mbele ya macho yangu, amelala tetere. Kifua cha rangi ya hina, madoa meusi shingoni kama shanga. Amejenga kwa vijiti vichache, ujenzi wa mtu aliyehama kwa haraka. Aliponyanyuka kidogo nikaona mayai mawili.

Nililia. Ndege mwenye ndoa changa amechagua dirisha la mwenye ndoa changa. Hakuna aliyeniambia hiyo ni bahati, ila nimehisi.

Kisha nikaona sanduku linatetemeka, na kiota nacho kinatetemeka, na yai moja linasogea ukingoni. Nikakizima kiyoyozi.

Twaha sitamwambia. Loice anasema haris, yaani mwangalizi na fundi wa jengo, Shafiqul, ameamriwa na mwenye nyumba kuvisukuma viota vyote kwa fimbo ya ufagio. Na Twaha hajui kuficha kitu. Akiulizwa na haris atajibu ukweli kabla swali halijaisha. Basi uongo nimeubeba peke yangu, kwa mapenzi. Makinda wakitotolewa nitamfunika macho kwa kanga, nimsogeze dirishani, nimwonyeshe.

Jioni aliuliza mbona joto. Nikasema kiyoyozi kimeharibika. Akasema atamwita Shafiqul.

Hapo sikuwa nimefikiria.

Ijumaa, 11 Aprili

Siku yake ya mapumziko. Alitaka kulala kwa sababu usiku hakulala. Nikamwambia machipuo hayamsubiri mtu.

Nilimpeleka nyuma ya msikiti ambako mwarobaini umechanua. Maua madogo meupe, harufu tamu kama uji wa sukari ulio mbali. Nilifumba macho, nikamwambia naye afumbe, avute pumzi. Alifumba. Alivuta. Akasema kuna mtu anakaanga vitunguu.

Tukaenda mpaka mzunguko wa barabara. Maua ya zambarau na meupe yamepandwa kwa mistari kama mkeka. Nilitaka kuchuma machache nishone kikuba cha kunukia. Twaha alinishika mkono, akasema hapa ua la serikali halichumwi, kamera ile pale. Lakini alinishika mkono. Hilo nimelihifadhi.

Njiani tulikuta mkunazi umeinama juu ya ukuta wa nyumba ya watu, kunazi zimetapakaa chini. Aliokota moja, akaifuta kwenye shati, akala. Kwa muda wa kunazi moja alikuwa mtoto wa kwetu Chumbageni mwenye viatu vya kuazima. Akatema kokwa mbali sana, akanitazama kama aliyefunga goli. Niliona fungate imerudi.

Kisha akasema Shafiqul anakuja Jumatatu.

Jumamosi, 12 Aprili

Kikuba nilishona hata hivyo, kwa majani ya mrehani ya duka la mboga na maua ya mwarobaini. Nilikibana kwenye mto wake, kama Bi Zainabu alivyonifundisha.

Maua ya mwarobaini yalikuwa na sisimizi.

Twaha alikaa kitako gizani akijikuna. Upande wa pili wa jipsamu Loice aliuliza kama tumepata mtoto tayari, mbona tunaamka amka.

Jumatatu, 14 Aprili

Shafiqul alibisha na sanduku la vifaa. Tetere alikuwa amelala juu ya mayai.

Nikapata wazo la kifalme. Nilijitanda mtandio, nikafungua mlango kiasi cha jicho moja, nikasema mume hayupo. Mbele ya neno hilo hakuna fundi. Shafiqul aliinamisha macho, akaomba radhi, akarudi nyuma hatua kwa hatua kama anayetoka mbele ya sultani.

Nilicheza peke yangu chumbani.

Twaha aliporudi nikamwambia Shafiqul hakutokea. Loice akapaza sauti kutoka kwake bila hata kuitwa:

"Weh, Nasra, si nimemsikia hapo mlangoni? Na hiyo AC yenu si ilikuwa inanguruma vizuri juzi?"

Twaha aliniangalia. Nikasema huyo alikuwa mtu wa maji. Loice akasema sawa, mtu wa maji mwenye bisibisi. Kisha akamwambia Job, kwa sauti ya kusikika, kwamba usiku huu atahitaji blanketi la pili.

Mwanamke huyu ana wivu. Ndoa yake ni ya zamani, imepoa kwa kila namna.

Alhamisi, 17 Aprili

Chumba kimeanza kunuka jasho la watu wawili. Jasho la mapenzi, lakini jasho. Nikaamua kutumia udi.

Niliwasha makaa jikoni, nikajaza chetezo, nikaweka udi wote alionipa Bi Zainabu wa kunitosha mpaka mtoto wa kwanza. Nikafukiza shuka, kanga, shati la Twaha, pazia. Nikafunga mlango ili harufu isitoroke. Twaha alitoka kuoga akiwa na kikoi. Alisimama mlangoni. Alitabasamu, naapa alitabasamu.

Kengele ya moshi ikalia.

Jengo zima lilishuka ngazi. Wahindi wa ghorofa ya nne, Wamisri wa ghorofa ya pili, mtu mmoja na sufuria ya wali. Twaha na kikoi chake chini ya taa ya barabara. Shafiqul akihesabu watu. Loice alishuka wa mwisho, amejifunika blanketi, anasema kule kwake kulikuwa na baridi sana mpaka alidhani kengele ni ya baridi. Aliponusa nguo zangu akacheka mpaka akamshika Job bega.

"Mama, umechoma bwana ama umechoma nyumba?"

Twaha alipanda ngazi mbele yangu. Kitandani aligeukia ukuta. Afadhali angegomba.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimejishusha. Nimeazima feni kwa Loice. Alinipa bila masharti, jambo linalotia shaka. Aliniuliza tu kama kila kitu kiko sawa kati yangu na mzee wangu. Nikamwambia sisi tuko peponi. Akasema pepo yangu ina joto.

Niliona kwenye simu kwamba beseni la barafu mbele ya feni hupoza chumba kama upepo wa bahari. Nikaliweka mwisho wa kitanda. Kweli kulipoa. Twaha akalala akiwa ameniwekea mkono tumboni, na mimi nikawa nasikiliza pumzi yake, na nje tetere analia kidogo kidogo usingizini. Nikasema huu ndio utajiri.

Alfajiri aliamka kwenda kutawadha. Alikanyaga ndani ya beseni.

Jumapili, 20 Aprili

Ameondoka.

Naandika huku herufi zinalowa. Twaha amekwenda kulala Al Wukair kwa binamu yake Omari, mpaka kiyoyozi kitengenezwe. Hakugomba. Alikunja mashati mawili akayatia kwenye mfuko. Akaniambia jana kwenye taa nyekundu alisinzia na abiria akamgusa bega, mama mzungu na mtoto wake. Akasema taa ikiwa ya kijani, Nasra, na mimi nimelala, itakuwaje. Akasema kwa Omari kuna baridi, atalala wiki moja kama mtu, kisha tutaona.

Nikamwambia aende. Ningesema nini? Nilisimama nimeegemea kiyoyozi kama askari wa benki.

Alipofika chini nikasikia kitu dirishani. Nikatazama. Ganda la yai, na kando yake kitu kidogo cha kuchukiza, chekundu, macho yamefumba, nywele za manjano chache kama za mzee. Kizuri kuliko chochote nilichowahi kuona.

Kanga ya kumfunika macho ilikuwa begani kwangu tayari. Macho ya kufunikwa hayakuwepo.

Jumatano, 23 Aprili

Kinda wa pili naye yupo. Mama na baba wanapokezana kulea. Akija huyu, huyo anaondoka, wala hawagombani. Nimewatazama asubuhi nzima na kuwaonea wivu mpaka nikaona haya.

Nimempigia Twaha simu. Alikuwa barabarani. Nikamuuliza kama kwa Omari kuna ndege. Akauliza ndege gani, ya kwenda wapi. Kisha akauliza taratibu kama nataka kurudi nyumbani. Nikacheka, nikasema kuna nini nyumbani, huko ni matope. Akasema haya.

Nilitembea mpaka mzunguko wa barabara nijifariji na maua. Wafanyakazi wa manispaa walikuwa wanayang'oa. Joto limekuja, yamekwisha. Waliyatupa ndani ya lori yakiwa bado yamechanua. Nikamwomba mmoja anipe hata shina. Akanipa zima na udongo wake. Nimelipanda kwenye kopo la maziwa.

Kufikia magharibi lilikuwa limelala chali.

Ijumaa, 25 Aprili

Twaha alikuja kula. Nilipika pilau tangu asubuhi katika chumba ambacho sasa kingeweza kulipika chenyewe. Alikula, jasho linamtiririka mpaka kwenye sahani. Uso wake umenawiri. Usingizi wa Al Wukair umempendeza, na hilo liliniuma kama kisu.

Alinyoosha mkono kwenye swichi ya kiyoyozi, ajaribu tu. Nikaruka nikakaa mbele yake. Nikasema fundi amekataza isiguswe, itapigisha shoti. Akauliza fundi yupi. Nikasema yule. Akaniangalia kwa muda mrefu, macho ya mtu anayesoma kibao cha barabara katika lugha asiyoijua.

Akasema, "Nasra, ukichoka na mtu unaweza kumwambia."

Nikadhani anazungumzia Loice. Nikamwambia kweli, nimemchoka, sijui nitavumilia mpaka lini.

Hakumaliza nyama. Aliondoka kabla ya alasiri.

Jioni nzima nimejiuliza nilichokosea. Pengine chumvi.

Jumatatu, 28 Aprili

Sijala. Sijachana nywele. Bi Zainabu amenitumia ujumbe wa sauti akiuliza fungate inaendeleaje. Nimemtumia picha ya makinda. Amejibu kwamba hao ni wadogo mno kwa mchuzi.

Viza inayeyuka kama ile barafu. Nimekuja kulala na mume, nalala na feni ya Loice. Usiku Job anakoroma, na mimi nimefikia hatua ya kuona ni sauti ya furaha. Mwanamke ambaye mumewe anakoroma anajua alipo.

Leo asubuhi makinda wameota manyoya halisi. Mmoja alisimama ukingoni akapiga mabawa, akaogopa, akarudi kumkalia mwenzake. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linapita kati ya majengo mawili, likampata yeye tu. Niliinua simu nimwite Twaha aone. Nikaishusha.

Jumanne, 29 Aprili

Loice aliingia bila kubisha kuchukua feni yake. Alinikuta nimepiga magoti dirishani nikitafuna wali mkavu, ili niwarushie chembe. Akachungulia.

"Kwani unafuga kuku kwa dirisha?"

Sikuwa na nguvu za uongo mwingine. Nikamweleza yote. Mayai, Shafiqul, mtu wa maji, udi. Alikaa kitandani akacheka mpaka akalia, halafu akaacha kucheka. Akaniuliza Twaha anajua? Nikasema bado, ni zawadi ya kushtukiza.

Akaniambia, "Wewe mtoto. Mzee wako alikutana na Job hapo chini Ijumaa. Alimwuliza mwanamke akizima AC makusudi ili mwanaume aondoke, huwa anataka nini. Alisema alikuona umelalia swichi. Anafikiri humtaki."

Nilimwambia hilo haliwezekani, mimi na Twaha tunasomana mioyo. Akasema basi mmoja wenu hajui kusoma.

Nilitaka kumpigia Twaha palepale. Mlango ukagongwa. Alikuwa Twaha mwenyewe, na nyuma yake Shafiqul na sanduku la vifaa. Safari hii mume yupo, hakuna mtandio wa kuniokoa. Twaha alisema bila kunitazama kwamba kiyoyozi kitengenezwe leo, ili kama nataka kukaa peke yangu nikae kwa raha, na kama nataka kurudi Tanga atanikatia tiketi.

Nilisimama mbele ya dirisha nimetandaza mikono. Nikavua kanga begani. Nikamfunga Twaha macho. Shafiqul akageukia ukutani kwa heshima. Nikamsogeza Twaha mpaka kwenye kioo, nikamfungua.

Makinda wawili walimtazama. Mmoja akanya.

Twaha aliinama kwenye kioo. Akaona maganda ya mayai niliyoyapanga kwenye pamba. Akaona kopo la maziwa na ua langu marehemu. Akasema kwa sauti ndogo, "Hiki ndicho kiyoyozi kibovu?"

Nikasema ndiyo.

"Nimelala Wukair wiki nzima nikijiuliza nimekukosea nini."

Nililia kwa namna ambayo Shafiqul alianza kumsemesha ukuta. Nikaapa, mkono juu ya Msahafu, Loice shahidi, kwamba sitamficha mume wangu jambo lolote tena, kubwa wala dogo, lenye manyoya wala lisilo na manyoya. Twaha akafuta uso. Akamwambia Shafiqul fimbo ya ufagio aiache chini, wasubiri mpaka hawa waruke. Shafiqul akasema yeye hajaona ndege. Akasema kwao Bangladesh wapo kama hawa, akakaa akanywa chai.

Twaha amelala hapa usiku huu. Sakafuni kwenye mkeka, jasho jingi, mkono wake umeshika mkono wangu.

Ijumaa, 2 Mei

Wameruka leo asubuhi, mbele yetu. Wa kwanza alianguka zaidi ya kuruka, akashikilia waya wa simu. Wa pili alikaa peke yake akiwaza, na Twaha, mume wangu ambaye mti kwake ni mti, alinong'ona kupitia kioo, "Twende, kijana, twende." Kijana akaenda. Twaha alipiga makofi. Nimeyaona machipuo usoni kwa mtu.

Tukanunua chai ya karaki, ya maziwa na iliki, tukainywa tumeketi ukingoni mwa barabara chini ya mwarobaini. Maua yamepukutika yote. Twaha akavuta pumzi, akasema hata bila maua kuna harufu. Nikamwambia ni vitunguu. Tulicheka mpaka chai ikamwagika.

Jioni akabonyeza swichi. Kiyoyozi kikakohoa, kikatoa vumbi, kikanguruma. Baridi ikaingia kama mgeni rasmi. Twaha akajifunika mpaka kidevuni. Upande wa pili Loice akapiga ukuta mara moja, nadhani ni pongezi. Namsamehe yote.

Fungate imeanza.

Jumamosi, 3 Mei

Twaha amelala fofofo. Leo anaingia kazini mchana. Niliamka kabla yake ili nimtazame, kama wanavyofanya wake wema, kisha nikafungua pazia kidogo.

Tetere amerudi. Kwenye vijiti vilevile. Alinyanyuka kidogo, kwa kunionyesha, nina hakika ni kwa kunionyesha.

Yai moja. Jeupe kama jino la mtoto. Sanduku linatetemeka, na yai linasogea polepole kuelekea ukingoni.

Nimefikiri sana juu ya kiapo. Niliapa kutomficha Twaha jambo. Lakini anahitaji kulala, amechoka, na kumwamsha mtu aliyechoka ili umwambie jambo ni ukatili. Nitamwambia likitotolewa. Itakuwa zawadi ya kushtukiza. Kosa la mara ya kwanza lilikuwa kusema kimeharibika, hapo ndipo wanapokuja mafundi. Safari hii nina mpango bora.

Nimekizima.

Twaha amegeuka, amefungua jicho moja, ameuliza mbona kimya. Nimemwambia umeme wa jengo zima umekatika, alale tu.

Ameuliza mbona kiyoyozi cha Loice kinanguruma.

Nimemwambia huyo ni Job.